Chumba cha Kusubiria

Jumanne, saa kumi kasoro robo, dobi wa hospitali alirudi nyumbani, akavua viatu mlangoni, akakuta abiria kumi na mmoja sebuleni kwake. Walikaa kwa mstari, mizigo katikati ya miguu. Aliwasalimu, wakaitikia. Alihesabu vikombe, akaona havitoshi, akaenda kwa jirani kuazima vinne. Kisha akampigia simu binti yake.

"Watu wako wamefika."

"Watu gani, mama?"

"Wa treni. Mmoja kaniuliza choo kiko wapi, nimemwonyesha. Njoo uniambie watakaa mpaka lini, maana mimi kesho naamka alfajiri."

Binti alikuwa mchora ramani wa halmashauri. Kazini walimwita Rula, kwa ajili ya mistari yake na kwa ajili ya ulimi wake, maana vyote viwili havikujua kupinda. Kwa wiki nne alikuwa akichora stesheni mpya ya mji, mji mdogo ambao treni ilikuwa ikiupita bila hata kupunguza mwendo. Mchoro ulitakiwa mbele ya kamati Ijumaa saa nne asubuhi.

Hakuuliza abiria wametoka wapi. Jumatatu alikuwa amemaliza kuupitishia mchoro wino, na chumba cha kusubiria kilikuwa kimeangukia kiwanja namba kumi na saba. Rula alizaliwa kiwanja namba kumi na saba.

Mambo yalikwenda hivi. Mpimaji alipita mtaa wa madobi saa tatu asubuhi, akabisha kila mlango mara tatu, kama kanuni inavyotaka. Hakuna aliyefungua. Mtaa mzima hufua: wengine hospitali, wengine hotelini, wengine shule ya bweni, na kabla ya saa tisa alasiri humpati mtu. Mpimaji akaandika mara thelathini na moja: "Wakazi: hakuna." Ili aufikie mlango wa mwisho ilimbidi ainame kupita chini ya nguo mbichi zilizoanikwa asubuhi ileile. Ng'ambo ya reli, kwenye uwanja wa magugu wa Mwenyekiti wa kamati, mlinzi alichomoza kutoka kibandani akaitikia hodi. Hapo mpimaji akaandika: "Mkazi: mmoja." Na stesheni huwekwa pasipo na mkazi.

Ofisini kulikuwa na utaratibu wao: mchora ramani hachori anachokijua, huchora kilichoandikwa. Rula alikuwa ameufuata miaka tisa. Safari hii pia aliufuata, akijipa moyo kwamba Mhandisi, mkuu wake, ataliona kosa. Mhandisi aliuangalia mchoro, akausifia mistari, akagonga mhuri.

Jioni Rula alifika kwa mama yake. Kufuli la mlango lilikuwa halishiki tena, kwa kuwa vyumba vya kusubiria havifungwi. Alikaa karibu na mwanamke mwenye koti la kijani.

"Unangoja treni ya saa ngapi, dada?"

"Ya saa moja. Lakini si unazijua treni."

"Hapa kabla ya stesheni palikuwa na nini?"

Mwanamke alifikiri kidogo. "Nasikia hapakuwa na kitu. Siku zote nikija namkuta bibi mmoja tu, benchi la tatu. Ana tiketi, lakini hapandi."

"Anakwenda wapi?"

"Haendi popote. Yupo tu."

Rula alitazama. Benchi la tatu lilikuwa bado ni kiti cha mama yake, chenye mto wa foronya iliyokatika pindo. Mama alikuwa amekikalia, anamenya viazi.

Jumatano abiria walikuwa ishirini na sita, na mama akalala jikoni. Rula alimfuata Mhandisi mezani.

"Kiwanja kumi na saba kina mtu."

"Fomu inasemaje?"

"Fomu imekosea."

"Fomu ina sahihi, Rula. Wewe una maneno." Mhandisi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amebakiza miaka miwili kustaafu, na aliitembea kwa ncha za vidole. "Na huyo Mwenyekiti unamjua. Usinitie matatani."

Alhamisi, wenzake walipokwenda kula, Rula alichukua wembe akaanza kuukwangua wino. Ni kazi ya pole pole. Ukikandamiza, karatasi inachanika na mwezi mzima umekwenda na maji. Alifuta stesheni yote upande wa madobi, akaichora upya mita mia mbili ng'ambo ya reli, kwenye magugu. Alipoinua kalamu, simu ikalia.

"Wanaondoka," mama alisema. "Wamesimama wote kwa pamoja kama wameitwa. Vikombe wamerudisha."

"Waache, mama. Kesho omba ruhusa kazini, uje ofisini saa nne. Uvae vizuri."

"Mimi huvaa vizuri siku zote."

Ijumaa asubuhi watu arobaini walikuwa wamesimama katikati ya magugu ya Mwenyekiti, masanduku miguuni. Mlinzi aliwatafutia matofali ya kukalia. Mwenyekiti aliwaona akiwa garini, na alipoingia kwenye kikao viatu vyake vilikuwa na umande.

"Nani kaleta watu kwenye uwanja wangu?"

"Wamefuata mchoro," Rula alisema. "Upande huu hahamishwi mtu yeyote, isipokuwa mlinzi wako, na kibanda chake kina magurudumu."

"Uwanja huo nina mipango nao."

"Na mtaa wa madobi una watu."

"Fomu inasema hauna."

"Mama yangu yuko hapo koridoni. Mwite umuulize."

Wakamwita. Mama aliingia na mkoba wake mkononi, akakataa kiti.

"Mama," Mwenyekiti alisema kwa upole, "siku mpimaji alipopita, saa tatu asubuhi, ulikuwepo nyumbani?"

"Saa tatu nilikuwa nafua mashuka ya hospitali. Hayo uliyolalia wewe, baba, ulipopasuliwa ngiri."

Wajumbe wawili waliinamia makaratasi yao, mabega yakicheza. Mwenyekiti alisubiri yatulie.

"Kwa hiyo hukuwepo."

Rula alimwangalia mama yake, akatamani kwa mara ya kwanza maishani mwanamke yule aseme uongo.

"Sikuwepo," mama alisema.

"Katibu, andika."

Mhandisi alifungua mkoba akatoa nakala ya mchoro wa Jumatatu, ile yenye mhuri. Aliitandaza mezani bila kumtazama mtu. Rula alikataa kutia sahihi. Mhandisi akatia kwa niaba yake, jambo linaloruhusiwa. Kabla wino haujakauka, wote waliona kupitia dirishani abiria wakiokota masanduku yao na kurudi ng'ambo ya reli. Katikati ya njia ilibidi wasimame kuipisha treni. Ilipita bila kupunguza mwendo.

Stesheni ilifunguliwa baada ya miezi kumi na minne. Madobi walipelekwa nyuma ya machimbo ya mawe, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu mpaka hospitali. Fomu zao ziko kabatini, "Wakazi: hakuna," mara thelathini na moja. Uwanja wa Mwenyekiti bado ni magugu, na mlinzi bado anaitikia hodi.

Mama hakwenda machimboni. Siku ya kwanza mlinzi wa stesheni alisimama mbele yake. "Bibi, una tiketi? Bila tiketi hukai hapa."

Rula alisoma kanuni za stesheni ukurasa kwa ukurasa, kwa kuwa sasa alikuwa amejifunza kuzisoma kabla mambo hayajaharibika. Mwenye tiketi halali ana haki ya kukaa chumba cha kusubiria. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba lazima apande. Tangu hapo kila Jumatatu, kabla ya kwenda ofisini, hupita dirisha la tiketi akamkatia mama yake tiketi ya wiki. Usiku mama hulala kwa Rula, na wajukuu humgombania. Akitoka kufua hurudi nyumbani, huvua viatu mlangoni, hukaa benchi la tatu, humenya viazi.

Juzi aliingia yule mwanamke mwenye koti la kijani, koti likiwa bado jipya. Ilikuwa safari yake ya kwanza. Alitua sanduku, akatazama huku na huku.

"Samahani bibi, choo kiko wapi?"

Mama hakuinua macho kutoka kwenye viazi.

"Palepale," alisema.