Nyumba ya Nyongeza

Mowlid alikuwa mtu wa kufuata sheria, tabia ambayo mtaani kwao Garissa ilimfanya atazamwe kwa huruma, kama mgonjwa. Majirani zake walipandisha vyumba vya kupangisha mpaka ukutani, mabati yakasukumana, na hakuna aliyewauliza kitu. Yeye, alipotaka kumjengea mama yake chumba cha matofali nyuma ya nyumba, alichoresha ramani, akavaa shati safi, akaipeleka ofisi ya mipango.

Afisa aliyekuja kukagua aliitwa Koome, mtu wa Meru, mpole, mwenye tepu ya kupimia kiunoni. Aliuzunguka ua wote, kisha akasimama mbele ya aqal ya Anab, mama yake Mowlid: banda la mviringo la fito zilizopindwa na kufunikwa mikeka. Ukame ulipommalizia mbuzi huko Griftu, Anab alikuja nayo kwa mwanawe ikiwa imefungwa, akaisimamisha mwenyewe. Nyumba ya mawe hakuitaka. Alisema ukilala humo husikii nje kunapita nini.

"Hapa analala nani?" Koome akauliza.

"Mama yangu."

"Basi hii ni nyumba, Bwana Mowlid. Kwa ploti moja unaruhusiwa nyumba kubwa, na nyumba moja ya nyongeza. Mbili hapana. Ukitaka ya matofali, hii itoke."

"Lakini hii ni mikeka tu, bwana. Haina hata msingi."

"Mtu akilala ndani, hiyo ni nyumba. Sheria sikuitunga mimi. Wewe chagua moja, nami nitakupigia muhuri."

Mowlid alichagua papo hapo. Sakafu ya saruji, dirisha lenye wavu wa mbu, taa ya umeme. Nani angeviacha hivyo kwa ajili ya mikeka? Mkewe Amran ndiye aliyesita.

"Muulize mwenyewe kwanza," alimwambia.

"Nimuulize nini? Kama anapenda kunyeshewa? Wacha nimfurahishe mama yangu."

Bintiye Anab alijifungua huko Griftu, na Anab akaenda kumhudumia hadi arobaini yake iishe. Huku nyuma mafundi wakaingia. Mowlid aliifungua aqal kwa mikono yake, bila kuvunja hata ufito mmoja. Mikeka akaikunja, fito akazifunga pamoja, mzigo akauegemeza ukutani. Alijiona mwana mwema, na kweli alikuwa mwana mwema. Hilo ndilo linaloniuma katika habari hii. Lakini alikulia mabwenini, likizo zake akazimaliza kwa ami yake mjini, na yako mambo ambayo shuleni hayafundishwi.

Anab aliporudi alipita langoni na kifurushi chake kichwani, akauona ule mzigo ukutani. Akatua kifurushi.

"Nani ameifungua nyumba yangu?"

"Mimi, Hooyo. Njoo uone nilichokutengenezea."

"Na ngamia wako wapi?"

Mowlid akacheka. "Ngamia gani?"

"Nyumba ikifungwa hivi, ngamia huwa wamepigishwa magoti karibu. Nyumba naiona imefungwa, ngamia siwaoni. Nauliza nitapakia wapi."

Amran akageuza uso. Hapo ndipo Mowlid alipoanza kueleza, haraka haraka, ploti na nyongeza na muhuri, na kadiri alivyoeleza ndivyo maneno yalivyozidi kumwishia utamu mdomoni. Anab alimsikiliza mpaka mwisho. Akaingia chumbani, akapapasa ukuta, akawasha taa, akaizima.

"Mashallah," alisema. "Kizuri. Mgeni wenu atalala vizuri hapa."

"Si cha mgeni, Hooyo. Ni chako!"

Anab akaketi kizingitini. Hakuwa na hasira, na Mowlid angeshukuru kama angekuwa nayo.

"Nyumba ile nilijengewa na mama yangu na shangazi zangu nilipoolewa," alisema. "Marehemu baba yako hakuwahi kuigusa kamba yake. Mwaka mmoja tuligombana vibaya, akataka niondoke. Alikaa nje akisubiri niifungue mwenyewe, maana mwanamume haifungui nyumba ya mwanamke. Sikuifungua. Akachoka, akaingia ndani. Ndiyo maana wewe umezaliwa."

Mowlid alitamani ardhi impasukie. Akasema kesho asubuhi angekwenda kwa Koome, chumba kiandikwe stoo, aqal irudi mahali pake.

"Mahali nilipofunguliwa nyumba sisimamishi tena," Anab akajibu, na akamshika mkono alipokuwa anasema hivyo. "Kesho nitafutie lori."

Asubuhi lori la kwenda Griftu likasimama langoni. Mowlid akapandisha fito na mikeka, na majirani wakatoka kutazama, kama alivyojua watatoka. Mwana aliyemfukuza mama yake: kwa Wasomali jina hilo halifutiki, na kufikia jioni lingekuwa limefika Lafey. Weris, jirani wa ukuta kwa ukuta, ndiye aliyeuliza kwa niaba ya wote.

"Anab! Mwanao amekujengea nyumba nzuri hivi, nawe unakwenda wapi?"

Mowlid aliinamia kamba aliyokuwa akiifunga. Alisubiri kusikia jina lake.

"Mvua imenyesha kwetu!" Anab akajibu kwa sauti iliyofika mwisho wa mtaa. "Majani yamefika magotini. Mwanangu amenililia nibaki, lakini nani akae mjini wakati malisho yako hivyo?"

"Alhamdulillahi!" wakaitika majirani, na Weris akamwombea Mowlid kheri kwa kumtunza mama yake.

Mowlid alifunga ile kamba huku haioni kwa machozi. Usiku uliopita alikuwa amemsikia mama yake akimwambia Amran kwamba Griftu halijaanguka hata tone.