Mti wa Manemane Hautaki Kubembelezwa

Sisi watu wa Muthara hatujui kupenda mmea bila kuumwagia maji. Ndivyo nilivyoua vijiti vitatu kati ya vinne.

Vijiti hivyo nilipewa na Nasteho, muuza ubani wa Majengo, Meru mjini. Manemane yake, utomvu mkavu wa mti, nilikuwa nikiiyeyusha kwenye mafuta moto nikachulia vidole vyangu vya baridi yabisi, maana vidonge vya maumivu vilinichoma tumbo. Alipohamia Garissa aliniachia mfuko wa manemane na vijiti vya mti wenyewe, miiba mitupu.

"Panda, Mama Kobia. Halafu sahau."

Kusahau! Mimi? Nikavitilia samadi, nikavimwagilia asubuhi na jioni. Vitatu vikaoza. Nikampigia simu karibu nilie.

"Umemwagia maji?"

"Kidogo tu. Kila siku."

Alicheka hadi nikakasirika. "Huo mti ni wa jangwa, mama! Hiyo moja imebaki, toa hapo, weka kwa mawe. Na wachana nayo kabisa."

Nikauacha miaka minne, moyo ukiniuma kila nilipoupita na ndoo. Ukakua.

Agosti hii mfuko wa Nasteho uliisha, na baridi ikanikaza vidole. Sikuweza kukamua. Ng'ombe wetu hataki mkono mwingine; mume wangu Kaimenyi alijaribu, akala teke gotini. Akamwita mnunuzi aje Jumamosi.

"Nimemlea tangu ndama," nikamwambia. "Ukimuuza, uniuze naye."

"Na nani atakamua, Mama Kobia?"

Jumatano nikauchanja mti gome. Ijumaa nikakuta matone sita mekundu yamekauka, madogo kuliko maharagwe. Nikayayeyusha, nikachua, nikamwomba Mungu bila aibu.

Jumamosi asubuhi mkono wa kulia uliweza kufunga ngumi. Wa kushoto ulikataa katakata. Nikaketi kwenye kigoda, nikakamua kwa huo mmoja huku machozi ya furaha yakinitoka. Kaimenyi alisimama mlangoni akitazama. Kisha akaja, akachuchumaa kando yangu, goti likilia.

"Nionyeshe basi. Mimi nitakuwa mkono wako wa kushoto."

Nikaweka kiganja changu juu ya chake, tukavuta pamoja. Ng'ombe aligeuza kichwa, akatunusa, akarudia majani yake.

Mnunuzi alipofika tulimpa chai ya maziwa. Akanywa vikombe viwili, akaondoka na kamba yake mkononi.