Pasipoti ya Waisake

Unaisi hakuwa akitafuta ubaya. Dada yake anayeishi Sydney alikuwa amewaalika kwa Krismasi, fomu ya viza ilitaka namba ya pasipoti ya mume, na mume, kama kila Jumamosi, alikuwa maktaba. Basi akafungua droo, akaitoa, akaanza kunakili. Pasipoti ilikuwa mpya mno. Imetolewa tarehe tisa Juni.

Akapekua zaidi. Chini ya soksi akaipata ile ya zamani, imekatwa pembe. Muda wake uliisha tarehe mbili Mei.

Tarehe kumi na nne Mei baba yake Unaisi alizikwa kisiwani Kadavu. Siku hiyo hiyo mumewe, Waisake, alibaki mjini Suva kufanya mtihani. Ndivyo alivyosema. Na masharti ya mtihani huo Unaisi aliyajua kama jina lake, maana kwa miaka sita alikuwa akimsomea mlangoni kila anapokwenda kuufanya: pasipoti isiyopitwa na muda, kikokotoo cha aina inayoruhusiwa, mifuko mitupu. Huna pasipoti inayotumika, huingii, hata uwe mtoto wa waziri.

Sasa huyu bwana aliingiaje?

Mtihani wenyewe ni wa wachambuzi wa uwekezaji, wale wanaoyaambia mashirika fedha za wastaafu ziwekwe wapi. Una madaraja matatu. La kwanza Waisake alilipita mwaka aliooa, akamwambia mkewe wavumilie miaka miwili tu. La pili limemwangusha mara nne. Aliacha raga ya jioni, akaacha kwaya, na nywele za utosini nazo zikamwacha yeye. Kanuni zake za hesabu zilibandikwa mpaka chooni. Mgeni akienda kujisaidia anarudi na maswali. Mtoto je? Mtoto atasubiri daraja la pili. Unaisi alikuwa ametimiza miaka thelathini na minne, na alichoka kusubiri pamoja na huyo mtoto.

Baba alipofariki, Unaisi mwenyewe ndiye aliyesema: wewe kaa, fanya. Kule kwao mkwe kukosa mazishi si jambo dogo. Wajomba wa Waisake walikwenda, wakapeleka jino la nyangumi na mikeka, mila ikatimia, lakini mkwe mwenyewe hakuonekana na watu wakaanza kunong'ona. Unaisi akasimama mbele ya wazee, akamtetea: saa hii mume wangu yuko kwenye chumba cha mtihani. Alisema hayo kwa kichwa juu. Leo, pale kitandani na pasipoti mbili mapajani, uso ulimwaka moto kwa aibu.

Akaanza kuzichambua siku zile moja moja. Alipotoka Kadavu, Waisake alimpokea bandarini na pai ya nanasi. Mwanamume anayenunua pai bila kuombwa! Alipoulizwa mtihani ulikuwaje alisema "mgumu," akafunga mdomo, na Unaisi akadhani ni ile sheria yao ya kutotaja maswali. Julai akasema ameanguka tena. Hakulia. Miaka mingine yote alilia.

Akampigia simu Roshni, anayefanya kazi ofisi moja na Waisake na aliyefanya mtihani siku ile ile.

"Roshni mpenzi, hujambo? Nina swali dogo tu. Mei kwenye mtihani, Waisake alikaa karibu na wewe?"

Roshni akashusha sauti.

"Kwani dada, yeye hakukuambia?"

"Kuniambia nini?"

"Aa-a. Hilo si langu. Muulize mwenyewe." Na simu ikakatwa.

Kumbe kuna jambo, na wanaolijua ni watu wa ofisini. Nani hasa? Yule msichana mpya wa mapokezi? Au ni huyu huyu Roshni, mwenye sauti ya upole hivyo?

Saa sita mchana Waisake akarudi, na hakuwa peke yake. Alikuwa na Emosi, kaka yake Unaisi, aliyetoka Kadavu kwa feri kununua saruji na vitambaa vya usiku wa mia, ule usiku wa mia moja tangu mazishi, matanga yanapoondolewa. Mashemeji hawa wawili wakikutana ni matusi ya kirafiki mpaka waachane.

"Dada, nimemwokota huyu maktaba," Emosi alisema akivua viatu. "Kijijini tulishadhani na yeye amekufa. Hebu mtazame! Shemeji, hicho kipara ndicho cheti chenyewe?"

"Na wewe meno ya mbele umeyasahau kwenye feri?"

"Yamebaki kwa dada yako."

Wakacheka. Unaisi hakucheka. Aliweka mihogo na samaki wa kopo aliyepikwa kwa tui, kisha kando ya sahani ya mumewe akaweka pasipoti mbili.

"Tarehe kumi na nne Mei ulikuwa kwa nani?"

Waisake alizitazama pasipoti. Mkono uliokuwa na muhogo ukarudi chini taratibu.

"Sikuwa kwa mtu."

"Roshni anajua. Mimi mkeo sijui. Roshni anajua!"

"Roshni aliniona nikirudishwa mlangoni." Akaisogeza sahani kando. "Yule mama msimamizi alifungua pasipoti, akasema imepitwa siku kumi na mbili. Nikamwambia, mama, leo wanamzika baba mkwe wangu na mimi niko hapa. Akasema pole. Akamwita anayefuata."

"Siku kumi na mbili."

"Miaka sita nimekariri kila kilichomo kwenye vitabu vile, Unaisi. Tarehe yangu mwenyewe sikuitazama."

"Ukaenda wapi?"

"Bandarini. Feri ilikuwa imeondoka jana yake, nilijua, lakini nilikwenda. Nikakaa mpaka jioni."

"Ungenipigia simu."

"Wewe uko makaburini, nikupigie niseme nini? Kwamba baba nimemkosa, na mtihani nao nimeukosa?"

Emosi alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Mabega yakaanza kutikisika, na mwisho kicheko kikamshinda. "Msomi! Vitabu vizito kama matofali, tarehe moja imekushinda! Shemeji, hii utakuja kuwaambia wazee mwenyewe. Usiku wa mia hakuna kukosa. Watakusamehe kwa kucheka tu."

"Usiku wa mia ni tarehe ishirini na mbili," Waisake alisema kwa sauti ndogo. "Mtihani wa kurudia uko siku hiyo hiyo. Suva wametupa siku moja tu."

Kicheko cha Emosi kikakatika.

Unaisi alimtazama mumewe kama mtu anayetazama noti anayoidhania bandia. Laiti angesema ni mwanamke! Angelia, angevunja vyombo, angefunga virago, na kila jirani angemwelewa. Lakini hiki kisa kilikuwa cha kijinga mno kuwa cha kutunga, na kwa sababu hiyo hiyo alizidi kukitilia shaka. Mtu aliyeweza kula naye, kulala naye na kuzuga kuanguka mtihani ambao hakuufanya, kwa karibu miezi mitatu, atashindwaje kutunga?

"Fanya unalotaka," alisema. "Mimi tena sikusemei mbele ya watu."

Siku zilizofuata alikuwa akinusa mashati. Alihesabu dakika za kutoka ofisini hadi nyumbani. Siku moja alimfuata mpaka maktaba, akamchungulia dirishani, akamwona ameinamia kitabu huku akijisugua utosini. Aliporudi nyumbani hakuhisi nafuu. Alijiuliza kama Waisake alikuwa amemwona dirishani, ndiyo maana akainama.

Tarehe ishirini na moja Agosti Unaisi alikuwa bandarini na mizigo yake, Waisake akatokea na begi mgongoni.

"Nakuja," alisema.

"Na mtihani?"

"Nimeuacha."

Kijijini Waisake aliketi mbele ya wazee, akasimulia yote bila kuficha hata siku moja kati ya zile kumi na mbili. Wazee wakaguna. Kisha mmoja akapasuka kicheko, bakuli la yakona, kile kinywaji chao cha mizizi, likazunguka, na mambo yakaishia hapo. Asubuhi ya tarehe ishirini na mbili alikuwa magotini na mashemeji zake, akipiga saruji kaburi la baba mkwe. Mashangazi wakamfinya Unaisi kiunoni. "Wewe umeolewa! Mwanamume gani mwingine angeacha mtihani wake mkubwa kwa ajili ya kaburi?"

Unaisi alitabasamu, lakini swali likamjia. Aliacha nini hasa? Kama hakujiandikisha kwa mtihani wa Agosti, hakuacha chochote. Huenda aliukatia tamaa mtihani zamani, na sasa anautoa kama zawadi. Alilichukia wazo hilo. Alitaka sana kuwa mke wanayemsifu mashangazi, asimame tu pale aone fahari. Badala yake alikwenda kwenye koti la Waisake lililotundikwa mlangoni, akatoa simu, akapanda kilima nyuma ya shule, mahali pekee panaposhika mtandao.

Namba ya siri aliijua. Akafungua barua pepe, akaandika jina la mtihani, akasubiri. Alama ya mtandao ilikuja, ikapotea, ikaja tena.

"Umekipata unachokitafuta?"

Waisake alikuwa nyuma yake, mikono myeupe kwa saruji, akihema.

"Bado."

"Kwa nini usiniulize?"

"Nikikuuliza utanijibu."

Waisake alikaa kwenye majani kando yake, akaning'iniza mikono magotini isimchafue nguo. Wakangoja wote wawili. Huko chini Emosi alikuwa akimtukana mtu kwa furaha juu ya saruji iliyokuwa majimaji.

Ukurasa ukafunguka. Jina lake kamili. Suva. Tarehe ishirini na mbili Agosti, saa mbili asubuhi. Mtahiniwa amethibitishwa. Unaisi alitazama saa ya simu: ilikuwa saa tatu kasoro dakika tano. Wenzake walikuwa ndani tayari.

"Sasa umeona," Waisake alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba.

"Nimeona."

Aliisoma barua mara ya pili. Kisha kidole chake, wala hakukituma yeye, kikashuka chini ya ukurasa, kutafuta ilitumwa lini na kama anwani iliyoituma ni ya kweli.

Waisake alikiangalia kidole hicho. Akainuka, akapangusa mikono kwenye majani, akateremka kurudi kaburini.