Vua Shati, Keti Hapo

Wiki hii hapa Magarama, Gitega, nimegombana tena na mtu wa moto, pikipiki hizi za kubeba mizigo. Ameniletea majora mawili ya kitenge kutoka sokoni, nimemlipa bei tuliyopatana, bado amesimama mlangoni ananiangalia. "Mama, na ya fanta?" Nikamwambia bakshishi hiyo ya fanta iko ndani ya bei. Akacheka vibaya, akawasha moto yake, akaniachia moshi duka zima. Jirani yangu Raissa, muuza sabuni, alikuwa amesimama pale anasikiliza, akaanza kunifundisha: siku hizi watu wanaacha mia tano, esanse ya pikipiki ikikosekana wanaacha elfu, na mvua ikinyesha ni aibu kuacha chini ya hapo. Hee! Kumbe iko na bei yake, na mi peke yangu sijui.

Raissa anasema mi ni bahili. Mwache aseme. Shida yangu ni kwamba nimelelewa na mtu ambaye hakuwahi kumpa mchukuzi bakshishi ya pesa hata siku moja, na wachukuzi walikuwa wanagombania kumletea mzigo.

Baba yangu, Hamadi, ni fundi cherehani wa Muyinga. Vitambaa vyake, nyuzi, vifungo, zipu, vyote vilitoka upande wa Tanzania, vikavuka mpaka wa Kobero, vikapanda hadi kwetu kwa baiskeli. Mchukuzi alifika amelowa jasho, miguu imejaa vumbi, mzigo umefungwa kwa mipira ya tairi. Baba alimlipa ujira wake palepale, bila kubishana. Halafu alimtazama toka juu mpaka chini kama daktari, akasema, "Vua shati, keti hapo."

Kulikuwa na kitenge kimoja kwenye msumari kwa kazi hiyo tu, chenye maua makubwa ya njano. Basi mwanaume mzima, kifua kipana hivi, anajifunga maua ya njano, anaketi kwenye benchi barazani, na wapita njia hawamwachi salama. "Eh, bibi arusi! Bwana arusi ndiye huyu mzee?" Naye baba kimya, mguu uko kwenye cherehani. Kwapa lililoachia, kola iliyoliwa na kamba, goti, mfuko, yote alishona, na hakuna mchukuzi anayekosa tundu. Marehemu mama alileta chai ya tangawizi, na mi nilipewa kazi ya kutunga uzi kwenye sindano za mkono, kwa sababu macho yangu yalikuwa mapya.

Siku moja nilimuuliza kwa nini hawapi pesa kama wafanyabiashara wengine.

"Nikimpa pesa," akasema, "itaishia kwenye pombe ya ndizi kabla hajavuka kona. Nikimshonea, mke wake ataona."

Mungu wangu, nilivyoipenda ile baraza! Harufu ya pasi ya mkaa juu ya kitambaa kibichi, kengele za baiskeli, habari za mpakani: lori gani limelala njiani, wabadilisha pesa gani wametukanana. Hatukuwa matajiri, lakini kila mtu aliyefika kwetu aliondoka amekamilika kuliko alivyokuja. Mpaka leo nikisikia cherehani ya mguu, si hizi za umeme, moyo wangu unarudi pale wenyewe.

Katika wachukuzi wote, Nazario wa Giteranyi, mbali huko nyuma ya vilima, ndiye tuliyemzoea zaidi. Alikulia Tanzania, kambini, wazazi wake walikimbilia huko. Aliporudi alikuwa kijana, nami nilikuwa bado sijaolewa. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka mno, tukawa tunamwita Mheshimiwa. Yeye hakukasirika. Alikuja na salamu za mke wake, Kasilda, ambaye hatukuwahi kumwona. "Kasilda anasema kola imekaa vizuri." "Kasilda anauliza kama mzee anaweza kuongeza upindo kidogo." Baba alicheka mpaka anakohoa. "Huyo mke wako ndiye bosi wangu, ama?"

Basi. Nikaolewa, nikahamia Gitega, nikafungua duka langu la ushonaji. Mama akafariki. Mwezi uliopita kaka yangu Juma, anayekaa na baba, alinipigia simu.

"Latifa, baba iko nashona bure. Wateja wa kweli walienda zamani kwa mafundi wapya wa sokoni. Mikono inatetemeka, huwezi kumpa nguo yako. Wanaobaki ni wale wachukuzi tu, kila siku mmoja, hata mzigo hawana. Wanamnyonya mzee, nakwambia. Njoo umchukue, apumzike kwako. Cherehani tutaiuza. Kuna lori ya rafiki yangu, inatoka Ijumaa."

Neno kupumzika lilinitia baridi. Ami yangu Shafii, naye alikuwa fundi, alipumzishwa na watoto wake. Walimweka kwenye kiti kizuri chenye mito, wakamkataza kazi. Alipumzika miezi minne, tukamzika. Lakini Juma ndiye anaishi naye, mi niko mbali, nikasema labda anajua kuliko mimi. Nikapanda basi siku ya Jumatano.

Nilimkuta baba mezani kwake, kanzu safi, tepu ya kupimia shingoni, hana hata nguo moja ya kushona mbele yake. Kikombe cha chai kilikuwa kinalia kwenye kisahani kwa jinsi mkono ulivyotetemeka. Nikamwambia habari ya Ijumaa, polepole, kama mtu anayebembeleza mtoto kumeza dawa.

"Nitakuja," akasema, "watu wangu wakiisha."

"Watu gani, baba?"

"Wewe keti tu."

Kesho yake saa nne asubuhi, ngrii ngrii, kengele. Nazario. Mvi zimeingia, lakini ni yuleyule. Aliniamkia vizuri, akaniulizia watoto, akaegesha baiskeli. Mzigo wake ulikuwa pakiti moja ya sindano. Moja! Nikaiweka rohoni. Kabla baba hajasema neno alikuwa amekwishavua shati na kujifunga kitenge. Shati lilikuwa limeachia ubavuni, kutoka kwapani mpaka kiunoni.

Ungemwona baba! Uso wake uliwaka. Akajinyoosha kwenye kiti, akavuta shati, akaligeuza nje ndani, akatikisa kichwa kama zamani. "Nazario, we unapigana na simba huko porini?"

"Ni vilima, mzee. Vilima havina huruma."

Uzi ulimshinda kuutunga. Alijaribu mara tatu, nne. Mi nikataka kuinuka, Nazario akaniwahi, akauchukua mkononi mwake huku anaendelea na hadithi ya lori la saruji lililokwama Kobero, akautunga bila kuangalia, akamrudishia sindano. Baba akaanza kushona. Saa nzima, wallahi, kwa mshono ambao mi ningeumaliza kabla chai haijapoa. Ulikwenda kombo kama kuku anayevuka barabara. Nazario alikaa tu kwenye benchi, anasimulia, anakunywa chai, kama hana safari.

Baba alipoingia ndani kutawadha, nikalishika lile shati. Mi ni fundi, mtoto wa fundi. Nguo ikichanika kwa nguvu, kitambaa kinavutika, nyuzi zinatoka ndevu. Hapa hakukuwa na kitu kama hicho. Mshono ulikuwa umefumuliwa, uzi umekatwa kwa wembe kila baada ya mishono michache, taratibu kabisa. Nikageuza ubavu wa pili: umeshonwa upya kwa mkono, mishono midogo mizuri, na tundu za mshono mwingine wa kombo bado zinaonekana chini yake.

Damu ilinipanda. Kumbe Juma anasema kweli! Mtu anafumua shati zima, anakuja kunywa chai ya mzee na kumlia uzi wake. Nilingoja mpaka Nazario alipovaa, akaaga, akasukuma baiskeli. Nikamfuata mpaka pembeni ya ukuta wa jirani.

"Kaka Nazario, hauna haya? Mzee mgonjwa kama huyu! Umelifumua hilo shati mwenyewe. Unadhani mi ni kipofu?"

Hakukana. Aliangalia nyuma kama baba anaweza kusikia, akashusha sauti.

"Si mimi, dada. Ni Kasilda. Mimi ningelichana vibaya."

"Yampaye! Na unasema hivyo hivyo, bila aibu?"

"Dada Latifa, tafadhali nisikilize. Mwaka juzi, wakati wa kuvuna maharagwe, nilipita hapa nikiwa na shati jipya. Mzee akaniambia vua, keti. Akalitafuta tundu kila mahali, hakuliona. Akanirudishia. Nilipofika pale kona nikageuka, nikamwona bado ameshika kitenge mkononi, hajui akiweke wapi. Siku hiyo hapakuwa na mteja hata mmoja. Nikamweleza mke wangu. Tangu hapo kila Jumapili baada ya misa, Kasilda anafumua mahali pamoja. Nikirudi nyumbani, anashona tena vizuri. Mchukuzi mwenzangu Bonifasi tukamwambia, naye akawaambia wengine. Tumepeana siku."

"Wangapi?"

"Sita. Ijumaa hatuji, ni siku yake ya msikiti. Wengine siku hizi hawapiti tena Muyinga na mizigo, wanakuja hivyo hivyo."

Kutoka Giteranyi. Kwa baiskeli. Na mi nilikuwa nimemwita mtu huyo hana haya. Machozi yalinitoka pale barabarani mbele ya watu, na kwa sababu sikujua kingine cha kufanya, nikafungua mkoba, nikatoa noti kubwa kuliko zote nilizokuwa nazo, nikamsukumia mkononi. Leo Raissa ananipigia hesabu za mvua na esanse. Hajasema hii iko na bei gani.

Nazario alirudisha mkono nyuma kama nimempa kaa la moto. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alikasirika.

"Ya nini hiyo?"

"Ya... njia. Ya chai. Sijui, kaka, pokea tu."

"Nikipokea itakuwa kazi, dada. Na kazi mtu huwa anaichoka." Akapanda baiskeli, kisha akateremsha mguu mmoja. "Nakuomba kitu kimoja. Mzee asijue. Akijua, tutakuwa tumemvunja."

Nikaapa kwa jina la mama yangu.

Nikarudi barazani nikijifuta uso na mtandio. Baba alikuwa amekwishakaa mezani, anakunja kitenge cha maua taratibu, kona kwa kona. Nikajifanya naokota vipande vya nyuzi chini. Hakuniangalia.

"Latifa, Nazario hajafika mbali. Mkimbilie. Mwambie kesho kutwa ni zamu ya Bonifasi, na Kasilda amwambie mke wa Bonifasi asifumue ndefu. Kiganja kimoja inatosha. Ya leo imenichosha mkono."

Nyuzi zikanidondoka.

"Baba... we unajua?"

"Mi nimeshona miaka hamsini, mwanangu. Sijui mshono uliofumuliwa na wembe?" Akacheka kidogo, akakohoa. "Yule Kasilda ana mkono mzuri. Anaficha fundo kuliko mi. Kila wiki naona amenirekebisha."

"Sasa mbona unawaacha wahangaike hivyo? Vilima vyote vile!"

Mkono ulikuwa unatetemeka juu ya kitenge, akaufunika na wa pili.

"Nikikataa, watakwenda wapi na hiyo heshima waliyonibebea? Mtu amekuletea mzigo mpaka mlangoni, unapokea." Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Lakini useme ni we umesema. Mi sijui kitu. Wakijua ninajua, watakuwa na haya, hawatarudi. Haya, kimbia, anateremka sasa hivi."

Nikavua viatu nikakimbia, mwanamke mzima, mtandio mkononi, naita "Mheshimiwa! Mheshimiwa!" mpaka watu wakatoka madukani. Nikampata karibu na mteremko. Nikamwambia kwamba mi, Latifa, kama fundi, naona mpasuo uwe mfupi, kiganja kimoja, kwa sababu ya mikono ya mzee. Nazario akanitazama kwa muda mrefu, akaitikia tu kwa kichwa.

Ijumaa dereva wa lori alipiga honi mbele ya nyumba. Nikatoka nikamwambia aende, hakuna mzigo.