Maombi ya Sista Ndila

Majibu ya damu yangu yalitoka Jumatano, katika zahanati moja ndogo hapa Malili, mwaka wa tisini na mbili. Sista Ndila, muuguzi tunayesali naye, alinishika mkono akaniapia kwamba habari hiyo ingebaki kati yetu na Mungu. Kumbe Mungu wake hasikii mpaka aambiwe kwa kipaza sauti.

Jumapili, mchungaji alipouliza nani ana hitaji la maombi, Ndila alisimama huku machozi yakimlenga. "Tuombee dada yetu Wariara wa hoteli. Amepatikana na huu ugonjwa mpya." Wakaniombea kwa nguvu, huku wenzangu wakisogea kidogo kidogo, hadi benchi lote likawa langu.

Hoteli hiyo ndiyo iliyotulisha mimi na mwanangu Karanja tangu Njogu, mume wangu, azikwe. Madereva wa malori wakahamia ng'ambo ya barabara. Mandazi yangu yakaliwa na kuku, na kuku wakanenepa ajabu.

Nilimwendea daktari wa zahanati kumshtaki Ndila. "Mama, kwani umetukanwa?" akaniuliza. "Umeombewa tu. Sasa unataka nifute mtu kazi juu ya maombi?"

Nilitoka kwa hasira. Siri ilikuwa yangu! Haikuwa ya Ndila, wala ya kanisa.

Siku ya soko, Ndila akaja hotelini na akina mama wa kanisa kuniombea tena. Watu wakajaa mlangoni kuchungulia. Nilitaka kumfukuza, lakini nikakumbuka kwamba ni yeye anayewafundisha wamama kliniki kuwa ugonjwa huu hauambukizwi kwa kikombe. Akinywa chai yangu mbele ya soko zima, wateja watarudi. Nikameza hasira, nikammiminia chai ya maziwa.

"Sista, wewe ndiye mwalimu wao. Kunywa wakuone. Nakuomba."

Alikitazama kikombe. Akatazama mlangoni.

"Pole, mama Karanja," akasema polepole. "Leo nimefunga."

"Hata sisi tumefunga," wenzake wakadakia.

Kisha wakafumba macho wakaniombea, maombi marefu, mazuri. Waliposema amina, mlangoni hapakuwa na mtu.

Nilizima jiko siku hiyo hiyo. Mimi bado napumua, lakini hoteli yangu ilikuwa imeshakufa.