Jiwe la Katibu

Jumanne saa nne, katika ofisi ya chama cha kununua ploti za kujenga huko Mugutha, katibu Magdalene aliuma chapati na taya likamfura hadi miwani ikakaa upande. Hakushtuka. Kwa miaka mitatu kila chakula kilimletea uvimbe ule, na kwenda hospitali alikuwa akiahirisha kama alivyoahirisha maswali ya Nekoye, mjane aliyekuja kila kikao kuulizia ploti yake. Kila mara Nekoye alijibiwa kwamba faili bado inatafutwa.

Safari hii maumivu yalimshinda, akaenda hospitali Thika, akakosa kikao. Daktari Nzioki alimpapasa chini ya ulimi kwa kidole, akampiga picha. Jiwe lilikuwa limeziba njia ya mate. Kwa kawaida huwa dogo kama punje ya mchele; hili lilikuwa kubwa kama yai la bata. Alimdunga ganzi, akapasua, akalitoa.

"Ploti ya Nekoye walipewa kina Githinji," jiwe likasema kwa sauti ya Magdalene. "Jina nilibadilisha mimi."

Daktari alilisuuza, akalitia kwenye chupa, akampa Magdalene na kumwambia anywe maji mengi na kufyonza limau.

Sasa, sheria ya chama ni kwamba aliyekosa kikao kwa ugonjwa alete ushahidi, la sivyo atatozwa faini. Magdalene, mwoga wa faini kuliko wa Mungu, alileta jiwe kwenye kikao kilichofuata. Baada ya maombi akaliweka mezani, nalo likarudia yote, pamoja na nambari ya ploti. Wanachama walisikiliza wakitazama viatu vyao.

Nekoye alisimama, akasema wamesikia wenyewe, wamrudishie ploti yake ajenge.

"Mama, hilo jiwe si memba," alisema Githinji, mwenyekiti. "Kama katibu ako na neno, aseme."

Wote wakamgeukia Magdalene. Kidonda kilishapona, mate yalitiririka vizuri, hakuna kilichomzuia.

"Daktari alisema nisiongee sana," akasema, na uongo ukamtoka laini kama uji.

 Nekoye akaomba basi apewe hata hilo jiwe. Githinji akasema hilo halina shida. Mikono yote ikainuka kukubali apewe, wa Magdalene ukiwa wa kwanza. Kisha akafungua kitabu cha kumbukumbu na kuandika kwa mwandiko wake mzuri kwamba suala la Nekoye limemalizwa.