Kichupa cha Kambere

Kahindo alifundisha biolojia katika shule moja ya sekondari mtaa wa Murara, mjini Goma, na hakuna somo lililotuliza wanafunzi wake kama lile la uzazi. Siku nyingine walipiga soga mpaka agonge meza. Siku hiyo hata wa viti vya nyuma walitega masikio, macho wameyainamisha kwenye madaftari kwa adabu ya uongo. Alichora ubaoni tumbo la uzazi kama tunda la avoka lililogeuzwa kichwa chini, mirija miwili ikitoka juu yake, na mwisho wa kila mrija kifuko cha mayai. Yai hukomaa kila mwezi, akaeleza, huingia kwenye mrija na kungoja mbegu humo. Mbegu isipokuja, ukuta wa tumbo uliojiandaa kumpokea mgeni hubomoka na kutoka kwa damu. Kando yake akamchora mwanamume: korodani mbili ambamo mbegu hutengenezwa, mirija inayozipandisha, na tezi zinazotoa majimaji ya kuzibeba.

"Mushike hii vizuri," aliwaambia. "Maji na mbegu haiko kitu kimoja. Mwanaume anaweza kuwa na nguvu yake yote, na ndani ya maji hamuna mbegu hata moja. Kwa macho hauwezi kuona. Mpaka microscope."

Msichana mmoja, Exaucée, akanyoosha mkono. "Madame, basi juu ya nini mutoto akikosekana banalaumu tu bibi?"

"Juu tumbo yake njo inaonekana."

Darasa likacheka. Kahindo naye akacheka, kisha akageuka kufuta ubao. Alikuwa katika mwaka wa saba wa ndoa, na tumbo lake lilikuwa bapa kama ubao aliokuwa akiufuta.

Mume wake, Kambere, alikuwa mfanyabiashara wa safari ndefu kati ya Goma na Butembo, na tangu vita vifunge barabara alilazimika kuzunguka kupitia Uganda. Waliishi nyumba moja na mama yake, Marie-Louise. Anayetaka mama mkwe katili wa kutemea mate amtafute kwingine, maana huyu mama alimpenda Kahindo wazi wazi, akampikia, akamwombea rozari kila jioni. Waliomtisha Kahindo walikuwa baba wakubwa wa Kambere, kule Butembo. Walikuwa wametuma neno kwamba baada ya mavuno watakuja Goma, na kama hakuna mimba, Kambere atatafutiwa mke mwingine na Kahindo atarudishwa kwao. Walikuwa Wakatoliki wa misa ya kwanza, lakini katika jambo hili padri hakuulizwa.

Kahindo hakulia, maana alijua cha kufanya. Akadai wapimwe wote wawili. Kambere akampiga chenga kwa miezi: leo lori limeharibika, kesho malaria. Mwishowe akakubali, siku ya kupeleka mbegu zake katika kichupa zipimwe maabara ikapangwa kwa daktari Fortunat, na hapo hapo shangazi yake Kahindo akafariki Bukavu. Ikabidi Kahindo apande boti kwenda kwenye matanga. Kambere alikuwa njiani kutoka Butembo na aliapa kwa simu kwamba siku ya kipimo itamkuta Goma.

Siku hiyo ilipopita, Kambere alimpigia mke wake simu. "Imeisha, mama. Kichupa kimefika kwa laboratoire."

Kahindo alipiga magoti kando ya kitanda cha wageni, akamshukuru Mungu.

Aliporudi, majibu yalikuwa tayari. Mbegu zilikuwa nyingi na zilienda mbio. Daktari Fortunat alitamka hayo akitabasamu, na Kambere, aliyekuwa amekaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayengoja kufukuzwa, alipumua mpaka mabega yakashuka. Tangu siku ile akaanza kutembea kifua mbele. Kahindo aliamini kila neno. Angewezaje kukataa? Microscope ilikuwa imesema.

Ikabaki zamu yake. Walimlaza, wakaingiza rangi kwenye tumbo la uzazi kwa maumivu yaliyomfanya aume kitambaa, wakapiga picha kuona kama mirija imefunguka. Ilikuwa imefunguka. Mayai yake yalikomaa kama kawaida. Kitu pekee kilichoonekana kilikuwa uvimbe mdogo kwenye ukuta wa tumbo la uzazi.

"Wanawake wengi wanazaa na uvimbe kama huu," daktari alimwambia bila kumficha. "Kama mbegu ya bwana yako ingekuwa na shida, mimi singekupasua. Lakini bwana ni mzima. Sioni sababu ingine."

Kahindo alimtazama Kambere. Kambere alikuwa anasoma bango la chanjo ukutani, herufi kwa herufi.

"Munipasue," akasema.

Walimpasua. Damu ikagoma kukata. Hospitali ilikuwa imejaa majeruhi wa mapigano, na damu ya kuongezwa ilikuwa haba. Walihangaika nayo kwa muda mrefu, na mwishowe daktari akachagua kumwokoa yeye na kuliondoa tumbo la uzazi. Alipozinduka, Fortunat alikuwa amekaa kando yake, hajavua hata kofia ya kazi. Kahindo hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Alikuwa ameichora avoka ile miaka yote, akawafundisha watoto wa watu kila kona yake, na sasa yeye mwenyewe hakuwa nayo. Aligeukia ukuta na kulia kwa sauti, bila haya, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akaanza kumwimbia wimbo wa kanisa.

Kambere alikuja mara moja tu. Alisimama mlangoni, akaongea juu ya jenereta ya hospitali, akasema safari imemwingilia, akaenda zake.

Ni Marie-Louise aliyemwogesha, aliyemrudisha nyumbani, aliyemtandikia mkeka uani penye jua, juu ya mawe meusi ya volkano. Mchana mmoja alikaa kando yake na ungo wa maharage, akichambua mabovu na kuyatupia kuku. Baba wakubwa walikuwa wanangojwa Jumapili.

"Hapana lia tena, mutoto yangu," alisema. "Nimefikiri. Bibi ya Carlos iko na mimba ingine. Ule mutoto tutakupa wewe, uitwe mama yake. Baba wakubwa bakikuja, njo nitabaambia vile."

Carlos alikuwa mdogo wake Kambere, fundi wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, mwenye watoto wasiohesabika uani.

"Mutoto wa Carlos ni wa Carlos, Mama."

"Ni wa Kambere tu! Batoto ba ndugu iko batoto bako. Damu ni moja." Akapeta maharage kidogo. "Hata kwa laboratoire bilikuwa vile. Kambere alifungiwa kwa mupaka, siku ilifika, docta anangoja. Nikamupigia simu. Akasema, Mama, kichupa achukue Carlos, sisi ni damu moja. Carlos akatoa. Si banakipokea bila shida?"

Mshono wa Kahindo ulianza kuwaka kama umepasuliwa upya. Alijiinua polepole kwa kiwiko.

"Mama. Unasema kile kichupa kilikuwa cha Carlos?"

"Cha familia," alijibu Marie-Louise, na alimaanisha hivyo kwa moyo mweupe.

Hasira ilimpanda Kahindo, hasira ambayo hajawahi kuijua, na mbele yake alikuwepo mwanamke mzee anayemchambulia maharage ya chakula cha jioni. Hakuweza kupiga kelele. Akafanya lile alilozoea kufanya darasani. Akaingiza mkono ndani ya ungo, akatoa harage moja zima na moja lililotobolewa na wadudu, akayaweka kwenye kiganja cha mama mkwe.

"Hii mbili imetoka wapi?"

"Kwa shamba moja. Gunia moja."

"Ukipanda hii nzima, inaota. Kama hii nzima inaota, na hii yenye tundu itaota?"

"Ah. Hapana."

"Carlos na Kambere ni gunia moja. Lakini kila mwanaume anatengeneza mbegu yake mwenyewe, ndani ya korodani zake mwenyewe. Korodani zikiharibika, maji itatoka tu kama kawaida, na ndani hamuna kitu. Docta alipima Carlos. Kambere hakuna mutu alishamupima. Na docta alinipasua juu aliambiwa bwana yangu ni mzima."

Marie-Louise aliyaangalia maharage yale mawili. Kuku walikuja, wakadonoa kwenye ungo, na hakuwafukuza.

"Alivimba," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo.

"Nani?"

"Kambere. Alikuwa kijana tayari, sauti imeshavunjika. Alishikwa na ugonjwa wa kuvimba mashavu, matubwitubwi. Kiisha ikashuka chini, kwa zile korodani. Ikavimba pande zote mbili, hata kutembea alishindwa. Nilimukanda na majani ya moto, nikamuficha ndani ya nyumba. Aliniomba nisiambie mutu. Sikuambia mutu."

Simu yake ililia kwenye mfuko wa kitenge. Alikuwa Kambere, kutoka Butembo. Mama yake aliiweka sauti ya juu bila kuombwa.

"Mama, anaendelea aje?"

"Kambere, ulijua?" aliuliza Kahindo.

Upande wa pili palikuwa na honi za malori, na mtu akiita bei ya vitunguu.

"Nilikuwa na woga," Kambere alisema. Kisha, harakaharaka: "Sikujua watakupasua."

"Ulikaa pale nikikubali. Ulikuwa unasoma bango."

Marie-Louise aliikata simu, akaiweka chini ya ungo kana kwamba inanuka. Mkono wake ukapanda wenyewe mpaka kifuani, ukashika kitenge pale mahali, kati ya matiti, ambapo wanawake huficha vitu vyao.

"Docta alisema kichupa kisipoe," alisema. "Nilikitia hapa. Nilipanda pikipiki, nimekishika hivi, nikisali rozari njia yote, juu yako. Sikukiachia kipoe hata kidogo."

Alianza kulia, na ule mkono mwingine, wenye maharage mawili, akaunyoosha kuelekea mkekani. Kahindo aliutazama. Alitamani kuushika, kwa kuwa alimpenda mama huyu, na huenda hata kesho angempenda. Lakini mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika tumbo, na haikutaka kutoka pale.